Mizani ya Amri na Mizania ya Timu

Kiwanja cha mpira cha mjini Arusha kina jina la mshairi. Wengi walitajao jina la Sheikh Amri Abeid wakati wa kununua tiketi hawajui kwamba mwenyewe, Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, ndiye aliyewaandikia watunzi wa Kiswahili sheria za kutunga mashairi katika kitabu kilichotoka mwaka 1954. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria katika serikali ya Mwalimu Nyerere, akafariki Oktoba 1964 akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Hakuiona Arusha ya mwaka 1967, wala hakuyaona mabishano ya kumiliki timu yaliyokuja kuzuka baadaye.

Jina hilo, hata hivyo, limekaa mahali pake. Mwanafunzi wa Sheikh Amri hufundishwa kwanza kuhesabu. Mshororo uliopungua mizani mbili hauokolewi na utamu wa maneno, na msikilizaji aliyekaa nyuma kabisa ya baraza atausikia ukichechemea. Wahasibu nao wanalo neno la ukoo huo huo, mizania: karatasi inayoonyesha mali iliyopo na deni linalodaiwa, upande kwa upande, mpaka pande zote mbili zilingane. Katika historia ya vilabu vya mpira vya Tanzania, karatasi hiyo ndiyo iliyokosekana zaidi, na kukosekana kwake kumeziua timu nyingi kuliko mabao.

Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana katika jumba la Kaloleni, si mbali na kiwanja hicho, mwishoni mwa Januari 1967. Lilitangazwa tarehe 5 Februari, na siku ya pili yake mabenki yakataifishwa. Swali lililoulizwa pale lilikuwa moja: mali ni ya nani? Jibu likawa kwamba njia kuu za uchumi zishikwe na umma kwa mkono wa serikali na vyama vya ushirika. Vilabu vya mpira havikutajwa, na havikuwa na sababu ya kutajwa. Mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa, sheria namba 12 ya mwaka 1967, na klabu zikaendelea kuwa vyama vya wanachama vilivyoandikishwa kwa msajili. Yanga ilikuwako tangu 1935, Simba tangu 1936 kwa majina yake ya kwanza. Hapakuwa na cha kutaifisha ila jezi, mipira, na ugomvi.

Lakini Azimio lilivizalia vilabu mwenyewe kwa njia ya pembeni. Mashirika ya umma yalipoota kila mkoa, kila shirika lilitaka timu. Reli wakawa na yao Morogoro. Wenye pamba wakawa na Pamba ya Mwanza. Ushirika wa Moshi ukawa na Ushirika. Kampuni za biashara za mikoa zikatoa RTC Kagera na RTC Kigoma. Kiwanda cha sigara kikatoa Sigara. Mchezaji aliajiriwa kama karani au fundi, akalipwa mshahara wa shirika, akafanya mazoezi alasiri. Ulikuwa mpango mzuri kwa namna yake. Kijana wa miguu myepesi alipata kazi ya kudumu na nyumba, na akistaafu mpira hakurudi kijijini mikono mitupu. Klabu haikujua bei ya viatu wala ya nauli, kwa kuwa vyote vilitoka katika fungu la ustawi wa wafanyakazi. Kwa hiyo haikujifunza kuhesabu.

Zama hizo neno lililotumika lilikuwa mlezi. Mlezi wa timu alikuwa shirika, au mkuu wa mkoa, au mzee mwenye heshima. Huko Jangwani husimuliwa mkono wa Mzee Abeid Amani Karume katika kuipatia Yanga nyumba yake, na msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa jinsi hadithi hiyo inavyopendwa pande zote mbili za bahari. Mlezi hadai. Mtoto hamwandikii mzazi hati ya deni kwa ugali alioula. Lakini mlezi naye ana umri, na walezi wa Azimio walianza kufa kwa mpigo mmoja katika miaka ya 1990.

Mwaka 1992 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, na kazi ya kuuza ikaanza. Shirika lilipoingia mnadani liliandikwa vyote: majengo, mitambo, magari mabovu uani, deni la benki, malimbikizo ya mishahara. Timu ya mpira haikuwa na mstari wake katika orodha hiyo. Haikuwa mali, kwa kuwa haikuweza kuuzwa. Haikuwa deni, kwa kuwa hakuna aliyeidai. Ilikuwa mapenzi, na mapenzi hayana safu katika daftari. Mnunuzi mpya alipofika alilikuta shirika bila timu, na timu ikajikuta uwanjani bila basi. Ndivyo zilivyozimika nyingi za timu zilizokuwa zikiwatoa jasho wakubwa wa Dar es Salaam. Pamba ilishuka daraja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haikurudi Ligi Kuu mpaka msimu wa 2024/25, safari hiyo ikiitwa Pamba Jiji na kubebwa na halmashauri ya jiji la Mwanza. Yaani mlezi amerudi kwa kanzu nyingine.

Inafaa kulinganisha na mambo mawili yaliyotokea Arusha penyewe. La kwanza ni la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977. Nchi tatu zilizokuwa zikigombana hata kuhusu ndege na mabehewa zilikubali mgeni, Mswisi Victor Umbricht, aje kuhesabu mali na madeni. Ilimchukua miaka. Makubaliano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hakuna aliyefurahi, lakini kila mmoja alijua kilichokuwa chake na anachodaiwa. La pili ni la kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichosimamisha kazi mwaka 2009. Mkopo kilioupata kutoka NSSF, dola milioni 10, uliendelea kutajwa Bungeni miaka mingi baada ya mashine kunyamaza. Kiwanda kikifa Arusha, maiti yake ina cheti. Timu ikifa, hakuna hata anayetangaza matanga.

Mtu anayesoma habari za mpira wa Uingereza hukutana na mwenendo ambao hapa kwetu haukuwahi kuwekwa wazi. Klabu kule ni kampuni. Ikishindwa kulipa wadai, mahakama au mkopeshaji huweza kuiweka chini ya msimamizi wa mufilisi: mhasibu asiyejua hata rangi ya jezi, ambaye huzishika funguo, huwazuia wadai wasigawane mbao za majukwaa, huuza wachezaji, na hutafuta mnunuzi. Portsmouth ilikuwa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza kufikwa na hayo, Februari 2010, ikanyang'anywa pointi tisa na kushuka daraja. Katika msimu ule ule ilikuwa imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kama sarafu ya bandia inayopokelewa na kila duka kisha kusukumwa duka la pili. Lakini mwaka 2013 mashabiki wake waliinunua, kwa hisa za pauni elfu moja moja. Waliweza kuinunua kwa sababu moja kubwa: palikuwapo mtu aliyelazimishwa na sheria kuwaambia bei yake. Miaka minne baadaye wenyewe walipiga kura kumuuzia tajiri wa Kimarekani, Michael Eisner, na hilo nalo walilifanya huku wakijua wanachouza.

Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 inaijua njia hiyo ya msimamizi. Lakini klabu ya wanachama iliyoandikishwa kwa msajili wa vyama vya michezo si kampuni. Mchezaji asiyelipwa atakwenda TFF, na akiwa mgeni atakwenda hata FIFA, na klabu itafungiwa kusajili mpaka ilipe. Mwenye hoteli, mwenye basi, na mwenye duka la vifaa watabaki wakimtafuta katibu ambaye simu yake haipatikani. Kisha utafika uchaguzi, uongozi mpya utasema deni hilo ni la uongozi uliopita, na deni litakuwa yatima. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Lakini katika vilabu vyetu aliyekopa harusi si yule anayekutwa nyumbani siku ya matanga.

Baada ya mlezi alikuja mfadhili. Neno hili linatoka katika fadhila, na fadhila hailipwi, hukumbukwa. Mfadhili aliyekumbukwa zaidi ni Azim Dewji, aliyeibeba Simba mwaka 1993 ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella ya Abidjan mabao mawili kwa nunge mbele ya watu wake wa Dar es Salaam. Malindi ya Unguja nayo ilipata enzi yake chini ya mkono wa aina hiyo, na wakongwe wa Mji Mkongwe wanaweza kuwataja wachezaji waliovuka bahari kuifuata. Tabia ya fadhila ni kwamba haina tarehe ya mwisho, na kwa hiyo inaweza kwisha leo jioni. Klabu iliyoishi kwa mfadhili haikuwa na deni alipokuwapo. Siku aliyoondoka ilikuwa na madeni yote pamoja.

Hilo lilionekana wazi kwa Yanga. Mwaka 2016 mwenyekiti wake, Yusuf Manji, aliwaomba wanachama wamkodishe klabu kwa miaka kumi, faida asilimia 75 iende kwake na 25 klabuni. Mkutano ulikubali kwa vifijo; Baraza la Michezo likaingilia kati, na mkodisho haukusimama. Manji alijiuzulu mwaka 2017. Misimu miwili iliyofuata, klabu kubwa yenye nyumba yake ya Jangwani na mamilioni ya wapenzi ilikuwa ikitembeza bakuli, na kocha wake Mkongomani, Mwinyi Zahera, akiwa mstari wa mbele kuhamasisha michango. Wapo waliocheka. Lakini bakuli lile lilikuwa na jambo moja la heshima kuliko ufadhili wote uliolitangulia: kilichoingia kilihesabiwa mbele za watu.

Simba ilichukua njia nyingine. Agosti 2017 mkutano mkuu ulikubali mabadiliko ya mfumo, na Desemba mwaka huo Mohammed Dewji alitangazwa kuwa mshindi wa zabuni kwa shilingi bilioni 20. Matarajio ya awali yalikuwa nusu kwa nusu. Serikali ikasema hapana: wanachama wasipungue asilimia 51, wawekezaji wasizidi 49. Neno mwekezaji likaingia katika mpira, na kwa neno hilo, kwa mara ya kwanza, klabu ya wanachama ikapata bei. Bilioni 20 ni nyingi au chache? Mabishano yalikuwa makali, lakini yalikuwa mabishano kuhusu tarakimu, na hilo lenyewe lilikuwa jipya. Kisha wanachama wakauliza fedha zenyewe ziko wapi, wakaendelea kuuliza, na mwaka 2021 mwekezaji akaonyesha hundi hadharani. Huko nyuma mwanachama wa Msimbazi angaliweza kumuuliza mfadhili swali kama hilo? Angeambiwa hana shukrani.

Asilimia 51 kwa wanachama ni kinga, na si kinga ndogo. Ila wingi wa hisa mikononi mwa mtu asiyesoma hesabu ni sawa na kumpa kiziwi kiti cha mbele katika taarabu. Aliye na asilimia 49 na daftari anaweza kuwa na nguvu kuliko aliye na 51 na kadi. Jambo hilo halirekebishwi na kanuni peke yake.

Na timu ndogo, zile ambazo hakuna tajiri anayezigombea? Hapo ndipo Arusha inaporudi katika hadithi. Klabu ya wananchi ya mji huo, AFC, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2010/11, ikashuka. Msimu uliofuata nafasi ya mkoa ilichukuliwa na JKT Oljoro, timu ya kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyo kusini mwa mji. Raia wakashuka, askari wakapanda, katika mwaka ule ule. Oljoro nayo iliteremka mwaka 2014, na tangu hapo mji mkubwa wenye hoteli za watalii, mahakama za kimataifa na makao ya Jumuiya iliyofufuka haukuwa na timu yake Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka kumi. Zilizoutoa mkoa kimasomaso katika daraja la pili miaka ya 2020 zilikuwa Mbuni na TMA, zote mbili za jeshi.

Msomaji wa Unguja atatabasamu, maana anaujua mtindo huo vizuri: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, Polisi. Timu ya kikosi haina matajiri wala mashabiki wengi, lakini ina mshahara mwisho wa mwezi. Ni salio la mwisho la zama za mlezi. Palipotoweka shirika la pamba na la reli, kikosi kimebaki, kwa kuwa kikosi hakibinafsishwi. Hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni pale mji mzima unapokuwa hauna namna nyingine ya kuwa na timu.

Namna nyingine imeanza kuonekana jirani, nayo ni kununua nafasi. Ihefu ilizaliwa katika mashamba ya mpunga ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, ikapanda kwa jasho la huko, na mwanzoni mwa 2024 ilihamia Singida katikati ya msimu, ikaitwa Singida Black Stars. Timu iliyokuwa Singida kabla yake, iliyokuwa imebadilishwa jina kuwa Singida Fountain Gate mwaka 2023, ikaondoka na kuishia Babati, mkoani Manyara, ikiitwa Fountain Gate. Mashabiki wa Mbarali walilala wakiwa na timu ya Ligi Kuu, wakaamka hawana. Hakukuwa na deni lililotangazwa, hakukuwa na msimamizi wa mufilisi, hakukuwa na mkutano wa kuwauliza wao wanaonaje. Mnunuzi na muuzaji waliafikiana, na pointi zilizopatikana kwa jua la Ubaruku zikapanda basi.

Lawama haistahili kumwangukia mnunuzi peke yake. Alinunua kilichokuwa sokoni. Lakini hapo ndipo hofu ya kufilisika inapopaswa kuangaliwa upya. Watu huogopa siku ambayo mhasibu mgeni atakuja kuishika klabu yao na kalamu nyekundu. Waliopoteza zaidi katika mpira wa Tanzania ni wale ambao mhasibu huyo hakuwafikia kamwe. Kufilisiwa kuna hadhira, kuna orodha ya wadai, kuna siku ya kusikilizwa. Portsmouth iliporomoka mpaka daraja la nne na bado ilikuwa Portsmouth, katika mji wake. Kufa kwa Reli na kuhama kwa Ihefu hakukuwa na siku ya kusikilizwa.

Kuna mali nyingine ambayo haikuhesabiwa, nayo ni viwanja. Kiwanja cha Sheikh Amri Abeid ni mali ya Chama cha Mapinduzi, kama vilivyo vingine vingi vya mikoani. Chama hicho kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili baada ya Azimio, wakati chama na umma vilipokuwa vikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, umma ulipanuka na viwanja vikabaki kwa chama. Hoja hiyo imezungumzwa sana na wanasiasa, kila mmoja kwa faida yake. Kwa historia ya vilabu, uzito wake ni huu: klabu isiyo na kiwanja haina rehani, na isiyo na rehani haikopeshwi na benki, bali na watu. Hapo inarudi palepale kwa mfadhili.

Mwaka 2024, katika kata ya Olmoti, ulianza kujengwa uwanja mpya wa watazamaji 30,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linaloandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Ni jengo la kujivunia, na siku isiyo na mawingu Mlima Meru unaonekana nyuma yake kwa ukamilifu. Wakati mafundi wakimwaga zege huko, Ligi Kuu ilikuwa imerudi mjini kwa namna ya pekee: msimu wa 2024/25 Coastal Union ya Tanga, mabingwa wa Bara wa mwaka 1988, waliufanya uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuwa nyumbani kwao. Tarehe 1 Machi 2025 Simba walifika na kuwafunga mabao matatu kwa nunge. Watu wa Arusha waliujaza uwanja wa mshairi, na mwenyeji aliyeandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi alikuwa ametoka pwani.